Siku Ngassa Alipoinyamazia Santuri

Sogeeni, enyi watu wa Geita na watu wa Shinyanga, mnaochimba na mnaochunga, nanyi mnaoanika dagaa kule Nkome. Anayetafuna muwa na ateme makapi, mwenye mtoto na ampe ziwa anyamaze, kwa maana habari inayokuja ni nzito na haitaki kelele. Sitawasimulia vita vya watemi, wala mtu aliyeua simba kwa mkuki mmoja. Hayo mmeyasikia mpaka yamechuja. Nitawasimulia juu ya mtu mzima, baba wa watu, aliyesalimiwa kwa heshima zote mbele ya mashahidi, naye akanyamaza.

Nawe Mola, uliyeandika amri zako kwa kidole juu ya mbao za mawe, usiyedharau kuandika juu ya jiwe, nishike mkono nisije nikapunguza wala kuongeza.

Ilikuwa mwaka 1952, katika kambi moja ya wachimba dhahabu, nyuma ya vilima vya Geita. Aliishi hapo Ngassa, mwendesha vigari vya mawe, mwenye mabega kama mlango wa zizi, mwenye vidole vinene kama mihogo ya shamba jipya. Lakini sifa yake kuu haikuwa nguvu. Sifa yake ilikuwa salamu. Ukikutana na Ngassa njiani ukiwa na haraka, haraka hiyo uliiacha palepale. Aliweka chini alichobeba, akavua kofia, akaishika kwa mikono miwili, akakuuliza umeamkaje, watoto wameamkaje, ng'ombe wameamkaje, yule ndama aliyekuwa anaharisha ameonaje dawa, mvua kwenu imepita au imekaa. Naye hakuuliza kwa mdomo tu. Alingoja jibu la kila mmoja, hata la ndama.

Mtu huyu alikuwa na haja moja duniani: kubatizwa. Mkewe, Melania, alikuwa amebatizwa. Binti yao, Generosa, amebatizwa. Hata bibi yao, aliyekuwa akitambikia mizimu mpaka uzeeni, alikufa akiwa na jina la ubatizo na rozari shingoni. Ngassa peke yake ndiye aliyekaa benchi la mwisho kanisani, pale karibu na mlango ambapo mbuzi huingia wakati wa mahubiri, kwa sababu misheni ile iliweka sharti kwamba mtu mzima asibatizwe kabla ya kufaulu mtihani wa kusoma na kuandika katika darasa la jioni. Kila Pasaka aliwatazama wenzake wakiinamisha vichwa kumwagiwa maji, naye akajishika utosi wake mkavu, akasema moyoni, "Bwana, mwaka ujao."

Kusoma alijua. Alisoma kwa sauti kubwa, taratibu, kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe, lakini alivuka. Kilichomwangusha mara mbili mfululizo kilikuwa imla, na kilichomwangusha katika imla kilikuwa sanduku.

Sanduku hilo, wasikilizaji, ndilo adui katika habari hii, basi litazameni vizuri. Zamani Mwalimu Donatus, aliyekuwa mwalimu wa jioni na tena katekista, alisoma imla kwa kinywa chake mwenyewe. Lakini Donatus alikuwa na moyo laini kama ugali wa mtoto. Penye herufi a alifungua kinywa mpaka ukaona koo. Penye o aliviringa midomo. Na mwanafunzi akikwama, alirudia neno mara nyingi huku akimkonyeza. Darasa zima likafaulu, na waliofaulu walipopewa barua wazisome mbele ya wakubwa, wakazishika juu chini. Wakubwa wa elimu wakasema: kuanzia sasa madarasa yote ya jioni, kutoka Buseresere hadi Shinyanga mjini, yatapimwa kwa sauti moja isiyo na ndugu wala jirani. Wakamchukua mzee mmoja mwenye Kiswahili safi, wakaitia sauti yake kwenye santuri, na santuri ikaja na gramafoni yake, sanduku jeusi lenye mkono wa kuzungusha na tarumbeta kama ua la boga.

Siku ya kwanza sindano iliposhuka, sanduku lilikwaruza kidogo, kisha sauti ya mzee ikatoka, ya upole, iliyojaa miaka: "Hamjambo, wanangu? Poleni na kazi. Habari za nyumbani? Haya, andikeni."

Vijana wakainamia vibao vyao. Lakini Ngassa, mwenye salamu ndefu, aliweka kibao chini, akasimama, akavua kofia.

"Hatujambo, baba. Mhola. Nyumbani mhola kabisa, ila mama Generosa ana kikohozi kidogo. Nanyi huko mmeamkaje? Ng'ombe hawajambo? Mvua imenyesha?"

Wakati anangoja habari za ng'ombe, sentensi ya kwanza ilipita juu ya kichwa chake ikaenda zake kama korongo. Na sharti la mtihani lilikuwa hili: anayekosa sentensi nzima ameanguka. Ngassa akaanguka.

Mara ya pili alijifunga. Alikuja ameuma kitambaa cha kofia kwa meno, na salamu ilipotoka alivumilia, jasho likamtoka, akaitikia kwa kuguna tu, akaandika. Sentensi ya kwanza ikakaa kibaoni, ya pili ikakaa, ya tatu ikakaa. Kabla ya sentensi ya nne, mzee akakohoa ndani ya santuri. Kikohozi kikavu, cha mtu aliyelala penye baridi.

"Pole, baba!" Ngassa akanguruma, na kitambaa kikaruka. "Pole sana! Umekunywa kitu cha moto? Hapa kwetu tunachemsha—"

Sentensi ya nne ikapita. Ngassa akaanguka tena.

Msimcheke upesi. Ngassa hakuwa mjinga. Alijua sandukuni hamna mtu, aliwahi kuchungulia. "Lakini sauti ni ya mtu," alimwambia rafiki yake Jilala walipokuwa wanarudi kutoka kazini, vumbi la mawe likiwa limewafanya weupe kama wazee wa kale. "Mzee yule mahali fulani alifungua kinywa akasema hamjambo, na alikuwa anauliza kweli. Mimi nimnyamazie? Mtoto wa nani anamnyamazia mzee?"

Jilala, mwenye ulimi usiolala, alikuwa naye ameanguka mara mbili, lakini kwa sababu nyingine: alicheka mpaka kalamu ikamponyoka. "Mjibu moyoni, bwana we! Mdomo ufunge, moyo uende ukasalimie peke yake."

"Salamu ya moyoni anaisikia Mungu peke yake," Ngassa akasema. "Yule mzee si Mungu."

"Basi Mwalimu aweke sindano mbele ya salamu. Aanzie kwenye andikeni."

Wakampelekea Mwalimu Donatus shauri hilo. Donatus alisimama wima mbele ya ubao, akaweka mkono kifuani, akanena kwa sauti aliyoitumia siku za Ijumaa Kuu. "Shikamoo, wazee wangu. Shauri lenu nimelisikia, na laiti ningekuwa na uwezo! Lakini agizo lasema sindano ianzie ukingoni, ili mtu wa hapa asikie kile kile anachosikia mtu wa Katoro, neno kwa neno, kikohozi kwa kikohozi. Nikikata salamu hapa, nimemdhulumu yule wa kule aliyeivumilia. Tena safari hii msimamizi anatoka mjini kuja kutazama kwa macho yake. Na Pasaka, mzee Ngassa, Pasaka ndiyo hiyo inabisha hodi."

"Marahaba, Mwalimu," Ngassa akasema. "Nikuulize kama katekista. Kuinyamazia salamu ya mzee, ni dhambi?"

Donatus, aliyejua amri zote kumi na maelezo yake, alikuna shingo. Alitazama dari. "Sijui," akasema mwishowe. "Haikuandikwa. Tuombe."

Wakaomba hapo hapo, wote watatu, na hata Jilala alifumba macho yote mawili.

Mwamvua, mkaanga maandazi wa kambini, mwenye karai lisilopoa, mwanafunzi mwenzao aliyekaa benchi la mbele na kuandika haraka kuliko wanaume wote, alikuwa anawangoja mlangoni na sinia lake. "Baba Generosa, wallahi mimi nakuonea huruma," akasema. "Unavuta mawe ya mgodi mzima, unashindwa na kisanduku. Kesho kitakuomba mchumba, utatoa?"

"Kama ni kwa adabu, nitafikiria," Ngassa akajibu, na maandazi yakanunuliwa.

Jioni ile alikaa nje ya nyumba, hakula. Melania alikuwa anafunga magunia yake matupu, kwa kuwa kesho yake alikuwa anapanda lori kwenda Nkome kununua dagaa. Aliona mumewe anaizungusha kofia mikononi.

"Baba Generosa, una nini?"

"Nafikiri adabu."

"Fikiri huku unanikazia hii kamba." Akamrushia ncha. "Kisha mtume Generosa kwa shangazi yake anayekaa njiani, akamwambie: mama kesho anapita na lori, hatashuka, dereva hana subira, ameshakusalimu tangu leo, na pole ya mguu ameshakupa. Nisije nikapita pale mbio kama mwizi, shangazi akanung'unika mwaka mzima."

Ngassa aliacha kamba. Akasimama. Wanaosema waliiona sura yake wakati ule husema ilikuwa kama ya mtu aliyepigwa na jua la asubuhi akiwa bado ndani ya nyumba.

"Mama Generosa! Ulisema umemsalimu tangu leo?"

"Nikimsalimu leo, kesho sina deni. Nini tena? Mbona unacheka? Kamba, baba, kamba!"

Siku ya mtihani ikafika. Jua lilikuwa bado lina nguvu, kengele ya zamu ilikuwa ndiyo kwanza imelia, na wanafunzi walikuwa bado wanajiosha vumbi kisimani, Ngassa alipoliendea kanisa lile la matofali mabichi lililokuwa darasa kila jioni. Alikuwa amevaa shati lake la Jumapili. Alipiga hodi mlangoni, ingawa ulikuwa wazi, akaingia akiwa ameinama kidogo, akaliendea sanduku jeusi mezani. Akaweka kibao chini. Akavua kofia.

"Mwadila, baba," akaanza. "Shikamoo. Ni mimi Ngassa, mwanao, yule wa benchi la tatu darasani. Leo utatusalimu, nami sitakujibu. Usinione nimekosa malezi. Nimekuja nikujibu mapema, kwa sababu baadaye unakwenda mbio nami nina mkono mzito. Hatujambo, baba. Kazi tumezizoea, asante kwa pole yako. Nyumbani mhola, mama Generosa amepona kikohozi. Nawe habari za huko uliko? Ng'ombe, kama unao, hawajambo? Wajukuu?"

Hapo akanyamaza kwa muda uletao heshima, ili mzee naye apate nafasi ya kujibu lolote alilokuwa nalo. Kisha akaendelea kwa sauti ya chini: "Tena utakohoa, baba, kabla ya sentensi ya nne. Pole. Pole sana. Chemsha majani ya mpera, utie asali, unywe kabla ya kulala. Wabeja, baba, asante. Sasa nimemaliza."

"Mzee! Unafanya nini na chombo cha serikali?"

Sauti hiyo haikutoka sandukuni. Ilitoka pembeni, chini ya dirisha, ambapo Bwana Cornel, msimamizi aliyetoka mjini, mwenye suruali fupi iliyopigwa pasi na soksi zilizofika magotini, alikuwa amekaa muda wote akimenya ndizi.

Mtu mwingine angekimbia. Ngassa aligeuka, akainama. "Shikamoo, bwana mkubwa. Simgusi. Namsalimu tu, ili nisimkatize baadaye."

Bwana Cornel aliangalia ndizi yake, akaangalia sanduku, akamwangalia Ngassa. Akawaza masharti ya mtihani, moja baada ya jingine, nayo alikuwa anayajua kwa moyo. Haikukatazwa mwanafunzi kuongea kabla ya mtihani kuanza. Haikukatazwa kuongea na chombo. Alijaribu kupata neno la kukataza, akalikosa.

"Haya," akasema. "Umemaliza?"

"Nimemaliza, bwana."

"Amejibu nini?"

"Atajibu nikiwa naandika," Ngassa akasema, akaenda kukaa.

Basi likaja jeshi lote, vibao mikononi, kalamu za mawe zimechongwa kama mikuki ya vita, na kila mmoja akashika nafasi yake katika mabenchi. Bwana Cornel akatangaza kwamba mara santuri itakapoanza, hata mwalimu haruhusiwi kuigusa, ili haki itendeke. Mwalimu Donatus akazungusha mkono wa gramafoni, lakini kwa kuwa macho yake yalikuwa yanawahesabu wanafunzi wake, hakuzungusha vya kutosha. Kumbukeni hilo. Akashusha sindano, akarudi nyuma, akashika rozari mfukoni.

Sanduku likakwaruza. "Hamjambo, wanangu?"

Oh, saa ile! Miguu ya Ngassa ilitaka kusimama, kwa kuwa imesimama kwa salamu tangu ilipojifunza kusimama. Mkono ukatambaa kuelekea kofia. Pembeni yake Jilala alitikisika kwa kicheko alichokiziba kwa kiganja. "Poleni na kazi. Habari za nyumbani?" Ngassa akakumbuka: nimeshajibu, sina deni. Vidole vyake vinene vikaikaba kalamu, na sauti iliposema mvua ya kwanza imenyesha, mvua ilinyesha kibaoni mwa Ngassa, herufi kubwa na nzito, zimeegemeana kama walevi wema, lakini zote zipo.

Ikaja ya pili, akaishinda. Ikaja ya tatu, akaishinda. Mzee akakohoa, na darasa zima likamgeukia Ngassa, hata Mwalimu, hata Bwana Cornel. Ngassa hakuinua kichwa. Pole alikuwa ameitoa, na dawa alikuwa ameagiza. Sentensi ya nne ikakamatwa nzima nzima, na manyoya yake.

Lakini adui hakuwa ameonyesha silaha yake ya mwisho. Mzee alipoanza sentensi ya tano, "Ng'ombe wamerudi," nguvu za sanduku zikaisha. Sauti ikashuka. Ikawa nzito, ikawa ndefu, ikajivuta kama mtu anayezama katika tope: "ziii... ziiii..."

"Ya Rabi!" Mwamvua akapiga kelele. "Mzee anazimia!"

"Anakata roho!" Jilala akaruka juu, kicheko chote kimemtoka, kalamu yake ikaanguka ikavunjika. "Mwalimu, mshike! Mshike baba wa watu!"

"Marufuku kugusa!" Bwana Cornel akasema, lakini sauti yake nayo ilikuwa imetikisika.

Na Ngassa je? Kwa hili hakuwa amejiandaa. Salamu alitanguliza, pole ya kikohozi alitanguliza, lakini nani humpa mtu pole ya kufa kabla hajafa? Sauti ile ilikuwa inakwenda gizani mbele ya macho yake. Alifungua kinywa. Ubatizo wake wote ulikuwa umesimama pale kwenye ulimi.

Ndipo akakumbuka maneno yake mwenyewe: kisemwacho moyoni anakisikia Mungu peke yake. Na mtu anayekata roho anamhitaji nani, kama si Mungu peke yake? Akafunga kinywa. *Bwana, mshike mzee huyu,* akasema ndani, na mkono wake haukusimama. Nalo jambo la ajabu likatokea. Kwa miaka yote aliyosoma, sauti zilimkimbia Ngassa. Sasa kwa mara ya kwanza sauti ilitembea kwa mwendo wake. Mzee akasema zi, Ngassa akaandika zi. Mzee akajivuta, akasema zi tena. Ngassa alikuwa anamngoja na kalamu. Na silabi ya mwisho, ni, ilipotoka, hafifu kama pumzi, wakafika pamoja, mzee na mwanafunzi, ng'ombe wote zizini.

Sanduku likasimama.

Bwana Cornel alistahimili kidogo. Kisha mwenyewe, aliyekataza, akaenda mezani kwa hatua ndefu, akashika ule mkono, akazungusha kwa nguvu zake zote. Sauti ikapanda kutoka shimoni, ikapata joto, ikasema kwa uzima wote: "Kwaherini, wanangu. Mungu awabariki."

Ngassa aliweka kalamu chini. Mtihani ulikuwa umekwisha. Sasa ulimi ulikuwa wake. Akasimama, akavua kofia.

"Amina, baba," akasema. "Kwaheri. Tunashukuru umerudi."

"Amina," likasema darasa. Na Bwana Cornel, mkono bado uko kwenye gramafoni, akajikuta naye amesema.

Vibao vikapitiwa palepale. Cha Mwamvua kilikosa sentensi ya tano. Cha Jilala kilikuwa na nusu ya ng'ombe. Bwana Cornel alipofika benchi la tatu alisoma kibao cha Ngassa mara moja, akakirudia, akaenda nacho dirishani kwenye mwanga. Aliporudi alikishika kwa mikono miwili. "Zote zipo," akasema. "Mwandiko mbaya sana, lakini zote zipo." Kisha akasita, kwa kuwa kulikuwa na jambo alilolisahau tangu mchana. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu," akasema Ngassa. "Habari za mjini? Watoto hawajambo?" Na Bwana Cornel, aliyekuwa na lori la kuwahi, akaeleza habari za mjini na za watoto wote, na lori likangoja.

Pasaka ile Ngassa aliondoka benchi la mlangoni, akaenda mbele akiwa na shati la Jumapili. Maji yalipomshukia utosini hakuyafuta. Yalishuka mpaka kidevuni, Melania akataka kumpa leso, akaikataa. Jina lake jipya lilikuwa Thobias, nalo aliliandika mwenyewe.

Na santuri? Ilifungwa katika kitambaa ipelekwe kwa watu wa Buseresere, ambao mtihani wao ulikuwa unafuata. Ngassa aliibeba mwenyewe mpaka kwenye lori, akaiweka mahali pasipo na jua, akamshika dereva mkono. "Huyu mzee ana kikohozi," akamwambia. "Mwendo wako uwe wa polepole. Na ukifika, waambie wenyeji: wamsalimu wakati yuko bado kwenye kitambaa."

Wakamsalimu. Tangu siku ile, katika madarasa ya jioni ya pande zile, mtihani haukuanza mpaka wazee wawe wamepita mbele ya sanduku, mmoja mmoja, kofia mkononi, wakitoa habari za nyumbani. Na wasimamizi wakajifunza kufika mapema, na kuzungusha ule mkono vya kutosha.